Anza na Viungo, Vanishi Itasubiri: Namna ya Kufufua Samani Kuukuu za Mbao

Kabati ninalolitumia kama mfano katika maelezo haya nililikuta nyuma ya nyumba moja ya kupanga jijini Tanga, likiwa limeegemezwa ukutani kusubiri kupasuliwa kuni. Lilikuwa kabati la vyombo lenye droo mbili juu na milango miwili chini, lote la mbao tupu isipokuwa mgongoni palipopigiliwa plaiwudi, na lilikuwa limepakwa rangi ya mafuta ya buluu juu ya rangi ya krimu, juu ya kitu kingine kilichokwisha kuwa cheusi kwa moshi. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umeliwa na mchwa, mlango mmoja ulining'inia kwenye bawaba moja, na ukiligusa kwa kidole lilipepesuka kama mlevi. Mwenye nyumba alinipa bure na kunishangaa. Nilikwangua kwa kisu upande wa ndani wa mguu mzima, mahali pasipoonekana, na chini ya tabaka zote zile ukatokea mti wa kahawia yenye wekundu: mninga.

Wengi wanaopata samani ya namna hii huanza na msasa na kumalizia na vanishi, na miezi mitatu baadaye kitu kinang'aa lakini bado kinayumba. Kinachochakaa kwanza katika samani ya mbao ngumu si mbao yenyewe. Ni viungo: gundi hukauka na kupukutika, ulimi, yaani ncha ya mbao iliyochongwa kuingia kwenye tundu la mbao nyingine, hulegea ndani ya tundu lake, na kila mtu anayekalia au kuvuta huongeza nafasi kidogo, mpaka siku moja kitu kinaonekana kimekufa kumbe mbao zake zote ni nzima. Kwa hiyo utaratibu ninaoufuata ni kuchunguza, kusafisha, kuondoa rangi, kufumua viungo vilivyolegea na kuviunga upya, kutibu wadudu na kuweka viraka, kisha ndipo msasa. Kabati lile lilinichukua jioni na siku za mapumziko za wiki kama tano, na zaidi ya nusu ya muda huo ilikwisha kabla sijashika msasa.

Kinachostahili kuokolewa

Si kila kilichotupwa kinafaa kubebwa. Samani ya chipubodi ikishanyonya maji huvimba na kufumuka kama mkate uliolowa, na hakuna skrubu itakayoshika humo tena, iache. Namna rahisi ya kuitambua mbao halisi ni kutazama ukingo wa meza au wa mlango: kama michirizi ya juu inaendelea mpaka kwenye ncha na kuonekana ikiwa imekatwa, hiyo ni mbao nzima, lakini kama ukingo umebandikwa utepe au una tabaka tabaka, basi ni plaiwudi au ubao wa kiwandani uliovikwa vinia, yaani ngozi nyembamba ya mti wa thamani. Vinia si kasoro, ila inataka mkono mwepesi, na nitalirudia jambo hilo.

Uzito nao husema. Mvule, mkongo, mninga na msaji ni mizito kuliko paina, na ukucha hauachi alama kwa urahisi. Mninga una sifa moja inayoupendeza mkono wa fundi, nayo ni kwamba ukishakauka hausinyai wala hauvimbi sana, ndiyo maana milango na droo za zamani za mninga mara nyingi bado zimenyooka. Mvule ni mgumu vilevile, lakini ndani yake huweza kuwa na chembe ngumu kama jiwe zinazokula makali ya randa na patasi, kwa hiyo usilaumu chuma chako kikikwaruzwa ghafla. Paina pia hufaa kufufuliwa, hasa kwa kupakwa rangi, ingawa haivumilii makosa.

Miti hii haioti kwa msimu mmoja. Mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na mwezi wa Novemba 2022, katika mkutano wa CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, uliofanyika Panama, mininga ya Afrika iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili pamoja na mikongo na mikangazi ya bara hili, kumaanisha kwamba biashara yake kuvuka mipaka ya nchi sasa inahitaji vibali. Mguu wa kabati kuukuu, ukiutazama kwa jicho hilo, ni mbao iliyokwisha kukauka kwa miaka mingi ambayo dukani ungeilipia pesa nyingi, kama ungeipata.

Kabla ya kubeba, pindua samani na uchome miguu na maungio kwa ncha ya msumari au bisibisi. Mbao nzima hukataa. Iliyoliwa na mchwa huitika kwa sauti ya mvungu ukiigonga, na bisibisi huzama ndani, kisha udongo mkavu hutoka. Ukikuta vitundu vidogo vya mviringo vilivyotobolewa na bungua, gonga mbao juu ya karatasi nyeupe. Unga mwepesi wa rangi mbichi, laini kama wa muhogo, ukidondoka, yaelekea bungua bado wamo. Vitundu vyenye uchafu mweusi ndani vyaweza kuwa vya zamani sana. Mara nyingi utaona kuwa wamekula sehemu nyeupe ya nje ya mti na kuacha kiini chekundu, na kabati langu lilikuwa hivyohivyo: ubao mmoja wa pembeni ulikuwa na utepe mweupe wa upana wa vidole viwili uliobunguliwa wote, na kiini kilichofuatia hakikuguswa.

Kuosha na kuondoa rangi

Osha kwa kitambaa kilichokamuliwa, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha futa kwa kitambaa kikavu na uache samani kivulini penye upepo kwa siku mbili tatu. Usiianike juani ili ikauke haraka, kwa sababu uso hukauka mbele ya kiini na mbao hupasuka. Toa bawaba, vitasa na vishikio vyote, uvitie ndani ya kopo moja pamoja na skrubu zake, na uandike kwa chaki nyuma ya kila ubao ulikotoka: kushoto juu, kulia chini. Piga picha kwa simu pia. Ni kazi ya dakika kumi inayookoa jioni nzima.

Kama samani haina rangi bali ina kitu cha kung'aa, lowesha pamba kwa spiriti na uibandike mahali pa maficho kwa dakika moja au mbili. Uso ukilainika na kunata, ile ni polishi ya spiriti, nayo huweza kuondolewa au kufufuliwa kwa spiriti yenyewe bila kukwangua chochote. Spiriti isipofanya kitu, jaribu thina. Vyote viwili vikishindwa, una vanishi ya mafuta au ya plastiki, na hiyo itakwanguliwa.

Rangi ya zamani inataka tahadhari, kwa kuwa rangi za mafuta za miaka iliyopita zaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto na kwa mimba. Usiisugue kavu kwa msasa wala kuichoma kwa moto wa gesi, maana ya kwanza hutoa vumbi la sumu na ya pili hutoa moshi wa sumu. Tandika nailoni, vaa barakoa na glovu, paka dawa ya kulainisha rangi na ukwangue ikiwa bado mbichi, au lowesha uso ndipo usugue. Mabaki yakunje ndani ya nailoni, na sakafu uifute kwa kitambaa kibichi badala ya kuifagia. Wapo mafundi wanaotumbukiza milango mizima ndani ya maji ya kostiki soda, na rangi kweli hutoka, lakini mbao hugeuka nyeusi, nyuzi zake husimama, gundi ya viungo huyeyuka, na ngozi ya mtu huungua. Sioni sababu ya kuifuata njia hiyo kwa samani unayoipenda.

Mabaki ya mwisho, yale yanayojificha kwenye mifereji ya urembo, niliyatoa kwa kipande cha kioo kilichovunjika, kama wafanyavyo mafundi wengi wa mitaani. Kioo kipya kina makali yaliyonyooka kuliko chuma chochote nilichonacho. Kishike kwa vidole vya mikono miwili ukiwa umevaa glovu nene, kilaze kidogo kuelekea kwako, ukivute kufuata nyuzi za mbao bila kukikandamiza. Kikikaa sawasawa hutoa maranda membamba kama ngozi ya kitunguu. Kikitoa unga, ujue kimekwisha, chukua kingine.

Viungo

Hapa ndipo penye kazi. Shika samani pembe mbili zinazokabiliana, uitikise polepole, na usikilize. Kiungo kizima kiko kimya, lakini kilicholegea hutoa sauti ya kukereza, na ukiweka kidole juu ya mstari wa maungio utausikia ukifunguka na kufunga. Weka alama ya chaki kila mahali pa namna hiyo. Kabati langu lilikuwa na viungo saba vilivyolegea, na katika vitano kati ya hivyo mtu fulani alikwisha kupigilia misumari, kumi na mmoja kwa jumla.

Msumari kwenye kiungo cha ulimi na tundu ni ugonjwa unaojifanya dawa. Haukazi kiungo, kwa kuwa gundi iliyokufa haiwezi kufufuliwa kwa chuma. Badala yake huipasua mbao kufuata nyuzi zake, hushika kutu, na kuacha doa jeusi lisilofutika. Ung'oe kwa kuinua kichwa chake kwa ncha ya patasi kuukuu, kisha kwa koleo, ukiweka kipande cha ubao chini ya koleo ili usibonyeze mbao. Uliozama sana usipigane nao, uchimbe kidogo kuuzunguka na utundu utakaobaki utauziba baadaye.

Kiungo kilicholegea ni lazima kifumuliwe, hata kama inauma kuona kabati limegeuka rundo la mbao. Sababu ni hii: gundi ya mbao hushika kwa kuingia ndani ya nyuzi, na mahali palipokwisha kujaa gundi ya zamani pamezibwa, kwa hiyo gundi mpya iliyomiminwa juu ya ile kuukuu hukaa juu juu na kubanduka. Gonga kwa nyundo ya mpira, au kwa nyundo ya kawaida juu ya kipande cha mbao laini, pole pole, upande huu na upande ule. Kikikataa, tia siki ya moto kwa sindano ya plastiki kwenye mstari wa maungio, ungoje robo saa na urudie. Gundi ya ngozi iliyotumika zamani hulainika kwa joto na maji, na hata gundi nyeupe ya siku hizi hulegea kwa njia hiyo, ingawa hutaka subira zaidi. Baada ya kufumua, kwangua gundi yote kwenye ulimi na ndani ya tundu kwa patasi mpaka uione mbao tupu, lakini usile mbao yenyewe, maana kila unachopunguza kinaongeza nafasi unayotaka kuiondoa.

Kisha jaribu kiungo bila gundi. Kinatakiwa kiingie kwa kusukumwa kwa mkono na kisitoke kwa uzito wake chenyewe. Kikipwaya, chukua randa, utoe maranda marefu membamba ya mti uleule au unaofanana nao, uyapake gundi na kuyabandika ubavuni mwa ulimi, yakikauka uyachonge mpaka ulimi ukae sawa. Kama ulimi unatokeza upande wa pili, waweza kuupasua kidogo kwa msumeno mwembamba kwenye ncha na kuupigilia kabari ya mbao ngumu wakati wa kuunga, na kiungo cha namna hiyo sijakiona kikirudi kwangu.

Paka gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili, kiasi cha kutoa shanga ndogo za gundi nje unapobana, na uzifute hapo hapo kwa kitambaa kibichi, kwa sababu gundi iliyokauka juu ya mbao hukataa vanishi na kuacha alama ya rangi tofauti. Asiye na klampu ndefu asihangaike kuzinunua. Kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe utepe mrefu, uuzungushe kwenye samani huku ukiuvuta kwa nguvu, raundi juu ya raundi. Kila mzunguko huongeza nguvu, na mpira haukwaruzi mbao. Kwa kabati zima nilitumia kamba ya katani iliyozungushwa mara mbili, nikapenyeza kijiti katikati yake na kukipotoa mpaka kamba ikalia, nikiwa nimeweka vipande vya boksi kwenye pembe.

Kabla ya kuondoka, pima kwa uzi kutoka pembe ya juu kushoto mpaka ya chini kulia, kisha pembe nyingine mbili. Urefu ukiwa sawa, kabati limekaa mraba. Langu lilitofautiana kwa sentimita moja na nusu, na kama ningeliacha hivyo milango isingefungika milele. Nilisogeza kamba upande wa pembe ndefu, nikalisukuma kwa goti, nikapima tena mara tatu. Kisha liache saa 24, hata kama gundi imeandikwa kukauka haraka.

Wadudu na viraka

Mbao ikiwa tupu, bila rangi wala vanishi, ndipo dawa inapoingia. Kwa bungua nilitumia dawa ya boraksi iliyochanganywa na maji kama ilivyoelekezwa kwenye pakiti, nikapaka mara mbili na kutia kwa sindano ndani ya vitundu, nikaacha ikauke vizuri. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka kwenye mbao za paa na nguzo, usiitie kwenye samani ya ndani: hunuka, huchafua nguo, na hakuna vanishi itakayoshika juu yake. Sehemu iliyokwisha kuwa unga ikate yote.

Mguu ulioliwa ulikuwa umeharibika kama sentimita 20 kutoka chini. Ningeweza kukata miguu yote minne iwe mifupi, na kwa samani nyingine ningefanya hivyo bila kusita, ila kabati la vyombo lililo chini sana hualika maji ya deki. Nikaukata mguu kwa mshazari mrefu, urefu wa mkato ukiwa kama mara nne ya unene wa mguu, nikachonga kipande cha mninga kutoka kwenye mguu wa kitanda kilichovunjika chenye mkato wa mshazari uleule, nikaviunga kwa gundi na pini mbili za mbao. Mkato wa mshazari hutoa uso mpana wa kushika, na nyuzi hugusana ubavu kwa ubavu, ambako gundi hushika; ukiunga kwa mkato ulionyooka, ncha kwa ncha, mguu utakatika palepale.

Mgongo wa plaiwudi ulikuwa umeoza, nikaubadilisha kwa mbao za paleti. Kagua muhuri uliopigwa kwenye paleti kabla ya kuileta nyumbani: herufi HT zina maana kwamba ilitibiwa kwa joto, na MB kwamba ilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, ambayo ni sumu. Chukua ya HT, iache yenye MB, na isiyo na muhuri wowote iache vilevile.

Kwa samani iliyopungukiwa kiasi kwamba hairudi kuwa ilivyokuwa, badili matumizi. Droo isiyo na kabati huwa rafu ya ukutani. Kabati la nguo lisilo na milango huwa la vitabu, mradi uongeze mbao za kukaza mgongoni. Kitanda kilichovunjika mbavu hutoa benchi zuri la barazani: mbao ya mchagoni huwa egemeo, na ya miguuni ikikatwa katikati hutoa mikono miwili. Hakikisha tu kwamba uzito utakaokaliwa unabebwa na viungo, na si na skrubu.

Msasa na umaliziaji

Anza na msasa namba 80 pale tu penye mikwaruzo mikubwa, kisha 120, kisha 220, kila mara kufuata nyuzi za mbao, kwa kuwa mkwaruzo wa kukata nyuzi hauonekani mpaka vanishi iupitie. Kabla ya msasa wa mwisho, futa mbao kwa kitambaa kibichi na uiache ikauke. Nyuzi fupi zitasimama, nawe utazikata. Vaa barakoa hata kama unafanyia nje, maana vumbi la mvule na la mninga huwasha ngozi na kukera kifua. Kwenye vinia anza na 220 na uishie hapo. Niliwahi kuitoboa mbao ya mchagoni yenye vinia nzuri kwa mashine ya msasa, nikifurahia jinsi doa linavyotoweka, mpaka nilipoona kwamba mti wenyewe ndio uliokuwa ukitoweka na plaiwudi nyeupe inachungulia. Hakuna dawa ya kosa hilo ila kupaka rangi.

Vitundu vizibe kwa unga wa msasa wa mbao ileile uliochanganywa na gundi, ukijua kwamba kiraka hicho kitakuwa cheusi kidogo kuliko mbao, hivyo usikitumie mahali papana. Vanishi ya mafuta ichanganye na tapentaini kwa tabaka la kwanza, kama sehemu moja kwa tano, ili iingie ndani. Tabaka mbili zinazofuata zipake nyembamba, ukipitisha msasa laini kati ya moja na nyingine. Vanishi ya thina ya kupuliza usiitumie siku ya mvua, hasa huku pwani, kwa sababu unyevu hunaswa ndani yake na uso kuwa mweupe kama kioo kilichopata ukungu. Ukichagua mafuta ya kitani badala ya vanishi, vitambaa ulivyopakia usivikunje na kuvirundika: hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke au vitie kwenye ndoo ya maji.

Rudisha bawaba kwa skrubu za unene uleule, na pale tundu lilipopanuka ziba kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi kabla ya kutoboa upya. Acha vanishi ikae wiki moja au zaidi kabla ya kupanga vyombo au kutandika kitambaa juu yake.

Droo zipake nta ya mshumaa kwenye mbavu na kwenye reli zake. Grisi hukusanya vumbi na sabuni huvuta unyevu. Droo ya kulia ya kabati langu bado inakwama kila masika, na sijaigusa, kwa kuwa nikiipiga randa sasa ikiwa imevimba, ifikapo kaskazi itakuwa inapwaya. Nimeiwekea alama ya chaki pale inapogusa, na nitaipunguza Januari.